Samaki Mchore Angali Mbichi

Alfajiri, mitumbwi inaporejea kando ya Ziwa Victoria, kina mama huwa wamekwisha kusimama mchangani na mabeseni yao. Mvuvi akimwinua ngege aliyetoka majini dakika ile ile, mnunuzi huona kitu ambacho mlaji wa mjini hakijui: mgongo wa kijivu unaometameta, ubavu unaobadilika kila samaki anapojipindua, na wekundu hafifu ukingoni mwa mapezi. Mama hulipa fedha yake, humtia samaki katika beseni, akashika njia ya nyumbani. Afikapo jikoni, samaki ni yule yule kwa uzito na kwa ladha, lakini si yule tena kwa sura. Rangi imekwenda zake. Kilichobaki ni kijivu kimoja kisichosema neno.

Jambo hili ni la kila siku, na kwa kuwa ni la kila siku watu hawalifikirii. Chungu hakiulizi samaki alikuwa na rangi gani. Lakini alikuwako mwanamke mmoja wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1791, ambaye alilifikiria jambo hilo kwa muda wa miaka kumi na kulifanya kazi ya mikono yake. Jina lake ni Sarah Bowdich. Alikuwa mama wa watoto watatu, na mume wake alikuwa amefariki katika Afrika. Kazi aliyojitwika ilikuwa kuwachora samaki wa mito na maziwa ya nchi yake kwa rangi za maji, mmoja mmoja, kabla uzuri wao haujazimika.

RANGI ZISIZOMNGOJA MTU

Wenye elimu ya viumbe wameeleza sababu ya rangi ile kutoweka. Katika ngozi ya samaki mna chembe hai ndogo mno zilizobeba punje za rangi, nyeusi na nyekundu na manjano. Chembe hizo hutii amri za mishipa ya fahamu. Punje zikitawanyika ndani ya chembe, rangi hukolea. Zikikusanyika mahali pamoja, rangi hufifia. Ndiyo maana samaki wa namna moja huweza kuwa mweupe-mweupe akikaa juu ya mchanga, na mweusi-mweusi akikaa penye mawe na magugu. Mng'ao wa fedha ubavuni, kwa upande wake, si rangi ya kupakwa. Ni mwanga unaorudishwa na vipande vyembamba mno vilivyopangwa ngozini mfano wa vioo.

Samaki atolewapo majini, hofu na kukosa pumzi huzivuruga amri hizo. Akifa, hakuna tena wa kuamrisha. Ute uliofunika magamba hukauka na kupoteza uwazi wake, jicho huingia ukungu, na madoa yaliyokuwa yamekoza hupauka. Kazi hii yote haichukui siku nzima. Huanza katika dakika za kwanza, mbele ya macho ya mvuvi.

Kwa mtaalamu wa mwanzo wa karne ya 19 huo ulikuwa msiba wa kweli. Kamera ilikuwa bado haijaanza kutumika. Aliyetaka kumwonyesha mwenziwe samaki aliyempata mbali alimtia katika chupa ya pombe kali. Pombe huhifadhi mifupa, mapezi na magamba, ila rangi huiondoa, hata samaki aliyekuwa na mavazi ya arusi akatoka chupani amevaa sanda. Wachoraji wengi waliletewa maiti ya namna hiyo, au samaki wa sokoni aliyekwisha kulala, wakatakiwa wamchore. Mifupa ikawa sahihi, na rangi zikawa za kubuni.

Hata pale mchoro wa kwanza ulipokuwa mwema, safari ya kufika kitabuni ilikuwa ndefu. Fundi aliunakili juu ya bamba la shaba au juu ya jiwe, akapiga chapa kwa wino mweusi, kisha karatasi zikagawanywa kwa wapaka rangi. Aghalabu hao walikuwa wanawake na vijana wa ujira mdogo, waliofuata kielelezo kimoja na kupaka nakala kwa mamia. Wengi wao hawakupata kumwona kiumbe mwenyewe hata siku moja. Hivyo kila mkono uliopokea kazi uliisogeza hatua moja mbali na mto ilikotoka.

MKE ALIYEMFUATA MUMEWE

Sarah alizaliwa katika mji wa Colchester, mashariki mwa Uingereza, katika ukoo wa Wallis. Baba yake alikuwa mfanya biashara. Mali ilipopotea, jamaa yote ilihamia London, na binti akajifunza mapema kwamba riziki haina mkataba na mtu. Mwaka 1813 aliolewa na Thomas Edward Bowdich, kijana mwenye ndoto nyingi, ambaye baadaye alipata kazi kwa wafanya biashara wa Kiingereza waliokuwa na ngome katika pwani ya nchi iitwayo leo Ghana.

Mwaka 1816 Sarah alipanda meli kumfuata mumewe Cape Coast. Alipofika, aliambiwa kwamba mume keshaondoka kurudi Uingereza. Meli zao zilipishana baharini. Wake wa askari hawahitaji kuelezwa uchungu wa habari kama hiyo. Mtu amefunga mizigo, amevuka maji, amefika mlangoni, na aliyemfuata amekwisha kupewa njia nyingine. Sarah hakugeuka siku ile ile. Alikaa pwani akimngoja, na wakati wa kungoja alianza kutazama: miti, ndege, wadudu, samaki walioletwa nchi kavu.

Mwaka 1817, baada ya Thomas kurudi, alikwenda Kumasi katika ujumbe uliopelekwa kwa mfalme wa Asante, Osei Bonsu. Kitabu alichokitoa mwaka 1819 juu ya safari hiyo bado husomwa na wanahistoria. Isisahauliwe kwamba safari yenyewe ilikuwa ya biashara na ya kutafuta nguvu katika nchi za watu. Hata hivyo, jicho la mke wake lilikuwa likijifunza jambo lingine, nalo ni kwamba Afrika ilikuwa na viumbe wasiohesabika ambao vitabu vya Ulaya havikuwajua, au viliwajua katika chupa tu.

Mume na mke walikata shauri kujifunza kwanza kabla ya kurudi Afrika. Mwaka 1819 walikwenda Paris, wakapokewa na Georges Cuvier, bingwa wa elimu ya wanyama katika Jumba la Makumbusho la Ufaransa. Cuvier aliwafungulia maktaba yake na hazina yake ya viumbe. Kwake mtu hakuruhusiwa kusema samaki huyu anafanana na yule, basi akaishia hapo. Sharti ahesabu miiba ya pezi, aangalie meno yamekaa wapi, apime kichwa kwa mwili. Sarah alijifunza kuhesabu kabla ya kusifu. Ili jamaa ile ipate chakula, wote wawili waliandika na kufasiri vitabu. Mwaka 1820 kilitoka kitabu cha Sarah juu ya namna ya kukusanya, kukausha na kuhifadhi wanyama.

KIFO MLANGONI MWA MTO GAMBIA

Mwaka 1822 walianza safari waliyoitamani. Walikaa katika kisiwa cha Madeira, wakapita visiwa vya Cape Verde, na mwaka 1823 wakafika mlangoni mwa mto Gambia, katika mji ulioitwa wakati huo Bathurst, ambao leo ni Banjul. Mji wenyewe ulikuwa mchanga, umeanzishwa mwaka 1816 kama kituo cha askari wa Kiingereza. Thomas alishika kazi ya kupima mto na kutazama nyota. Sarah alichora mimea na samaki wa mahali pale na kuandika sifa zao.

Homa ikamshika Thomas. Tarehe 10 Januari mwaka 1824 alifariki dunia, umri wake ukiwa miaka thelathini na kidogo. Mkewe alibaki katika pwani ya ugeni na watoto watatu wadogo, makaratasi ambayo hayajakamilika, na michoro iliyojaa unyevu wa bahari.

Msomaji aliyeishi kambini anaijua siku inayofuata msiba kama huo. Watu hulia siku chache, kisha hutawanyika. Mjane hubaki na vitu vya marehemu: koti, viatu, daftari. Wako wanaoviweka sandukuni na kulifunga. Sarah alivifungua. Aliyachukua makaratasi ya mumewe, akarudi nayo Uingereza pamoja na watoto, akayapanga, akaongeza habari alizoziandika mwenyewe juu ya Gambia, viumbe wake na mimea yake, na mwaka 1825 kitabu kikatoka. Jina la Thomas likakaa mbele. Deni la marehemu likawa limelipwa.

Lakini deni la walio hai lilikuwa bado. Watoto watatu wanataka mkate, viatu na shule. Mjane wa wakati ule hakuwa na milango mingi ya kubisha hodi. Sarah alikuwa na vitu viwili: jicho lililofunzwa na Cuvier, na mkono ulioweza kufuata jicho hilo. Akavifanya mtaji.

KAZI BILA MTAMBO

Mwaka 1828 sehemu ya kwanza ya kitabu chake juu ya samaki wa maji baridi wa Uingereza ilitoka. Katika maneno yake ya mwanzo aliwaahidi wasomaji jambo ambalo wachapaji wa siku zile hawakuthubutu kuliahidi. Alisema kwamba kila mchoro umetokana na samaki aliyetoka majini papo hapo, ili pasiwe na rangi iliyopotea kwa kukaa hewani. Tena hakukubali bamba wala jiwe la kuchapia lisimame kati ya samaki na msomaji. Maelezo yalipigwa chapa, kwa kuwa maneno hayafi yakipigwa chapa. Picha zilichorwa na kupakwa rangi na Sarah mwenyewe katika kila nakala.

Nakala zilikuwa 50 kwa ajili ya watu waliojiandikisha kuzinunua. Picha za samaki katika kila nakala zilizidi 40. Mama anayejua hesabu za dukani aweza kuzidisha mwenyewe: ni michoro zaidi ya 2,000. Kazi hiyo ilitolewa sehemu kwa sehemu hadi mwaka 1838. Ukigawanya, utaona kwamba kila juma, masika na kipupwe, mtoto akiwa mzima au mgonjwa, palihitajika michoro minne iliyokamilika, bila kuruka juma hata moja kwa miaka kumi.

Mathalan, mtazame trauti, samaki anayependwa kuliko wengi na wavuvi wa burudani wa Uingereza. Yeye ni jamaa wa samoni, hukaa katika vijito vya maji safi yenye baridi, na huvuliwa kwa ufito na mshipi mwepisi, chambo chake kikiwa kijidudu bandia kilichofungwa kwa manyoya na nyuzi. Kwa mabwana wa nchi ile kumvua ulikuwa mchezo wa kupimana akili na samaki. Kwa Sarah ilikuwa kazi iliyoanza pale mchezo ulipokwisha.

Trauti akiwa mzima ana mgongo wa kahawia inayoelekea kijani, na ubavu wa manjano yenye dhahabu ndani yake. Juu yake kuna madoa meusi, na katikati ya hayo kuna madoa mekundu, kila moja limezungukwa na pete nyeupe-nyeupe. Tumbo ni la rangi ya malai. Wala hakuna trauti wawili walio sawasawa: wa mto wenye changarawe ni mwangavu, wa maji ya giza ni mweusi, na chakula anachokula hugeuza hata rangi ya nyama yake. Mchoraji hana nafasi ya kupaka kwa mazoea. Akipaka rangi ya trauti wa jana, amemsingizia trauti wa leo.

Basi fikiri juu ya kazi hiyo kando ya maji. Samaki amelala majanini, anapiga mkia. Umbo lake haliwezi kukimbia. Miiba ya pezi itahesabika hata kesho. Rangi ndiyo inayokimbia, kwa hiyo ndiyo ya kuanza kushika. Rangi za maji nazo zina tabia yake: ni nyepesi, hupitisha weupe wa karatasi, na kosa likikauka halifutiki kwa urahisi. Mkono ukisita, rangi ya samaki imekwenda. Mkono ukiharakisha kupita kiasi, karatasi imeharibika. Kati ya kusita na kuharakisha kuna njia nyembamba, nayo hupatikana kwa mazoezi ya miaka tu.

Kulikuwa na fumbo moja zaidi. Rangi haiwezi kuonyesha mng'ao wa magamba, kwa maana mng'ao ule ni mwanga. Sarah alitumia dhahabu na fedha zenyewe katika michoro yake, ili ukurasa ukielekezwa dirishani magamba yarudishe mwanga kama ubavu wa samaki unavyourudisha. Siku zile siri ya vipande vile vya ngozini ilikuwa haijaelezwa vizuri. Jicho lake lilikuwa limekwisha kumwambia kwamba hapo pana mng'ao, wala si rangi, na mkono ukatii.

FAIDA NA HASARA

Mtu mwenye haki hana budi kuuliza: je, kulikuwa na maana gani kujitesa namna hiyo? Nakala 50 ni chache. Walionunua walikuwa watu wenye uwezo, na kitabu chenyewe kiliwekwa chini ya heshima ya mwana wa mfalme, Mtawala wa Sussex. Mvuvi maskini aliyempata samaki, mchuuzi aliyembeba, mpishi aliyemkaanga, hao hawakukifungua kitabu kile. Kama Sarah angekubali mtambo na wapaka rangi wa ujira, angeuza mamia, na pengine watoto wake wangelala wameshiba zaidi.

Swali hilo ni zito, wala halijibiwi kwa kusifu uzuri wa picha. Lakini lazima lipimwe pamoja na jambo lingine. Sarah alikuwa ameahidi ukweli. Aliwaambia watu kwamba wanachokiona ndicho kilichotoka majini. Laiti angewapa wengine kazi ya kupaka, hakuna mnunuzi ambaye angegundua, maana mnunuzi hakuwako mtoni. Shahidi alikuwa mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe. Uaminifu usio na shahidi mwingine ndio uaminifu unaogharimu.

Polisi mwema analijua jambo hili vizuri. Ajali ikitokea barabarani, maelezo ya shahidi huchukuliwa siku ile ile, alama za matairi hupimwa kabla mvua haijanyesha. Baada ya juma moja shahidi atasimulia vilevile kwa maneno mengi, pengine mazuri zaidi, lakini atakuwa amekwisha kuchanganya aliyoyaona na aliyoyasikia. Ripoti iliyoandikwa mezani bila kufika mahali pa tukio huweza kuwa safi kuliko ile iliyoandikwa juani, yenye vumbi na jasho. Ni samaki aliyetoka chupani: mifupa iko, rangi imebuniwa. Askari wa zamu naye, usiku wa manane, hana mkaguzi nyuma ya kila kichaka. Hulinda kwa sababu alisema atalinda.

Riziki ya Sarah haikutoka katika samaki peke yao. Aliandika hadithi kwa ajili ya vijana, nyingine zikiwa za nchi za Afrika alizoziona, na mwaka 1835 zikakusanywa katika kitabu. Aliolewa tena, na Bwana Robert Lee, na mwaka 1833 alitoa kitabu cha maisha ya mwalimu wake Cuvier, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Lakini kitabu cha samaki kilikuwa kimeanza kwa jina la Bibi T. Edward Bowdich, jina la mume aliyezikwa mbali. Serikali ya nchi yake ilimkumbuka kwa malipo ya pauni 50 kwa mwaka ilipofika mwaka 1854. Alifariki Septemba mwaka 1856. Msaada uliomfikia mjane miaka 30 baada ya msiba ulimkuta amekwisha kuwalea watoto kwa kalamu na burashi.

TRAUTI ALIPOVUKA BAHARI

Samaki yule wa vijito vya baridi hatimaye alifika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Uskochi, na watoto wao wakatiwa katika mto Gura, unaotiririka kutoka milima ya Nyandarua nchini Kenya. Trauti hawezi joto la nyanda za chini. Maji ya mlima tu ndiyo yaliyomkubali. Aliletwa kwa ajili ya mchezo wa walowezi, wala si kwa sufuria ya mwananchi. Baadaye aliongezwa ndugu yake kutoka Amerika ya Kaskazini, trauti mwenye utepe wa rangi ya waridi ubavuni. Kiganjo, karibu na Nyeri, mahali ambapo Kenya imeweka chuo chake cha polisi, pana pia kituo cha serikali cha kuzalisha samaki hao. Kurutu wa gwaride na mtoto wa trauti wameamka chini ya mlima mmoja, katika baridi moja.

Kwa hiyo mtu wa Afrika ya Mashariki akimwona trauti wa mto Gura, anamwona jamaa wa samaki wale wale waliolala mbele ya Sarah karibu miaka 200 iliyopita. Madoa mekundu ni yale yale, na pete zake. Akimtoa majini, naye atayaona yakipauka. Kamera zimekuja, na siku hizi simu ya mkononi humpiga samaki picha kabla hajatulia. Hata hivyo, kinachopotea kwa mtu asiyetazama hakiokolewi na chombo. Wako wanaopiga picha ili wasihitaji kutazama. Sarah alichora kwa sababu alikuwa ametazama kwanza. Baadhi ya nakala zake zimehifadhiwa katika maktaba kubwa, na magamba yaliyotiwa dhahabu na fedha bado huudaka mwanga ukurasa unapofunuliwa.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nao walikusudia malezi: mtoto hufunzwa mapema, akiwa angali laini. Sarah aliyatenda yote mawili kwa wakati mmoja. Samaki aliwachora wangali wabichi, na kwa kazi hiyo watoto wasio na baba walikunjwa wangali wadogo, wakimwona mama yao kila siku akikataa kuandika asichokiona.

Mama wa kando ya ziwa anayerudi na beseni lake hana nafasi ya kuketi na burashi. Jiko linangoja na moto haujawashwa. Lakini njiani yuko na mtoto, anashika upindo wa khanga yake. Ni kazi ya dakika moja kulishusha beseni, kumwinua ngege kwenye mwanga wa jua, na kumwambia mtoto: tazama, kabla hatujafika nyumbani.